Join iliyotaka saa kumi na moja nzima, na ng'ombe watano wa Mama Benta waliotakiwa Kosele kabla ya Sabato

Wakuu, nawasalimu wote, hata nyinyi mnaosoma kila siku bila kuandika neno.

Haya yalinipata mimi mwenyewe, Migori, miaka ya tisini. Majina nimebadilisha. Mahali nilipojiaibisha nimepaacha palivyokuwa, kwa sababu bila hapo uzi huu hauna kazi.

Jana kijana mmoja aliuliza humu kwa nini query yake, swali kwa database la kuunganisha table mbili, inachukua dakika arobaini. Nikahesabu majibu kumi na manne.

"Ongeza RAM."

"Hamia server kubwa, mkuu."

"Hiyo mashine tupa."

Hakuna hata mmoja aliyemuuliza anatafuta nini, na ameuliza vipi.

Niliweka simu chini nikazunguka uani mara tatu. Mke wangu akauliza nani amekufa. Nikamwambia ni akili.

Kwa hiyo leo naandika kwa ubishi, na sitaomba radhi. Nimekataa jibu la "ongeza RAM" kabla wengi wenu hamjaanza kutambaa, na nilikatalia mbele ya bosi wangu nikiwa na tai shingoni.

Tuanze.

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, digrii ya hesabu. Nilikuwa na tai moja, ya maroon, na kitabu kinene cha database nilichokibeba kwapani hata nikienda kula chapati. Sikukisoma sana. Nilikibeba.

Nikaajiriwa na mradi mmoja wa chanjo ya mifugo. Sitautaja, na hata hivyo ulishakufa. Wilaya zilikuwa zimegawanywa karibuni, Homa Bay huku, Migori huku, lakini ng'ombe walikuwa hawajaambiwa. Walikuwa wanatembea kama zamani. Ndipo mradi ukaamua kuwa na ofisi mbili.

Ofisi ya Homa Bay iliandika rejista ya ng'ombe wa pande zote. Kila ng'ombe mstari wake: mwenye, analala kwa nani, rangi, josho lake. Mistari kama elfu kumi na nane.

Ofisi yetu ya Migori, pale Suna, iliandika table ya chanjo: aliyeleta ng'ombe, rangi, josho, tarehe. Hiyo ilikuwa na mistari zaidi ya elfu ishirini.

Kila Jumatatu dereva alileta disketi kutoka Homa Bay ndani ya bahasha ya khaki. Mimi nilitia disketi kwenye mashine, naunganisha table mbili, printa inapiga kelele kama mashine ya kusaga, na orodha inatoka ya ng'ombe ambao hawajachanjwa.

Ng'ombe akiwa kwenye orodha hiyo, hapati kibali cha kusafirishwa. Basi. Hapandi lori.

Programu yenyewe iliandikwa na fundi mmoja wa Nairobi. Alikuja siku mbili, akala samaki, akarudi. Juu ya mashine alibandika karatasi: USIGUSE PROGRAMU. Mashine ilikuwa 386, kompyuta ya kizamani, na UPS yake, ile betri ya kuishikilia stima ikipotea, ilishakufa, tulikuwa tunaitumia kama stuli ya kuwekea birika la chai.

Mimi nilikuwa sigusi. Nilikuwa na mshahara na tai. Niguse nini?

Jumanne moja asubuhi akaingia mama mwenye leso ya kijani kichwani na kiroba cha njugu mkononi. Alikuwa Mama Benta, mjane, anauza njugu soko la Suna. Hakusalimu.

"Wewe ndiye karani wa kompyuta?"

"Mimi si karani, mama. Mimi ni mtaalamu wa takwimu."

"Sawa, karani. Ng'ombe yangu tano zimedungwa sindano. Mashine yako inasema bado. Kwa nini inanichukia?"

Akaeleza akiwa amesimama. Kijana wake Okoth anaoa msichana wa Kosele, upande wa Homa Bay. Mahari ilishapatanwa, ng'ombe watano, na siku ilishapangwa: Ijumaa. Wakwe ni Wasabato wa kweli kweli, wa kuzima jiko mapema. Ng'ombe wakifika baada ya jua kuzama, Sabato imeingia, hakuna atakayefungua lango. Na wiki inayofuata baba ya msichana anasafiri kwenda kwa mkutano wa kanisa, mwezi mzima. Tayari kulikuwa na mtu mwingine anayemtaka msichana, mwenye duka Rangwe, aliyekuwa akipita pita pale na mikate.

"Huyo wa Rangwe hangoji mwezi," akasema. "Nataka kibali. Lori nimelipia."

Nikaangalia orodha. Kweli, ng'ombe watano, wote hawajachanjwa, jina la mwenye: Joram.

"Mumeo aliwapeleka josho lini?"

Akahamisha kiroba mkono wa pili.

"Joram alikufa, huu mwaka wa tatu. Unataka afufuke apeleke ng'ombe josho?"

Hapa nisimame kidogo niwaeleze wale ambao hawakukulia kwetu.

Upande ule mtu hakai na ng'ombe wake wote. Anawaweka kwa marafiki. Wawili kwa huyu, mmoja kwa yule, wengine kwa shemeji. Anayewekewa anakunywa maziwa na kuchunga. Magonjwa yakiingia boma moja, hujamaliza wote. Wezi wakija, hivyo hivyo. Na jirani mwenye macho hajui una ngapi, jambo ambalo ni la afya pia.

Mama Benta aliishi ploti ya mjini. Hakuwa na hata mahali pa kufunga mbuzi. Wawili wake walilala kwa Chacha, Mkuria, rafiki ya marehemu, kule karibu na mpaka wa Tanzania. Watatu walilala kwa shemeji yake Zablon, nje kidogo ya Suna.

Sasa fundi wa Nairobi alikuwa ameunganisha table zake hivi: jina la MWENYE liwe sawa na jina la ALIYELETA. Kwao ng'ombe hulala kwa mwenyewe. Ile safu ya "analala kwa" tuliijaza kwa jasho, na programu haikuwahi kuisoma hata siku moja.

Maana yake, kila ng'ombe aliyewekwa kwa rafiki alikuwa, machoni pa mashine yetu, hajachanjwa. Nilikuwa nimechapa orodha hizo miezi mitano, nikizikunja vizuri na kuzipiga stapler.

Ndiyo, mimi. Mtaalamu.

Nikaenda kwa meneja. Alikuwa mtu wa suti ya kahawia na kalamu tatu mfukoni.

Nikamwambia, tufungue vitabu vya chanjo, vile vya mkono, tuangalie jina la Chacha na la Zablon. Dakika kumi.

"Vitabu vya mkono ndivyo vilituletea hongo," akasema. "Kibali ni kwa orodha iliyochapwa. Kompyuta haisemi uongo."

"Haisemi uongo, mzee. Imeulizwa vibaya."

"Basi andika barua tumwite fundi. Atakuja mwezi ujao. Na ameshatuambia hii mashine ni ndogo, inatakiwa ile mpya, 486."

Mama Benta alikuwa amesimama mlangoni nyuma yangu. Aliposikia mwezi ujao aliweka kiroba chini.

"Mwambie huyo mkubwa wako mimi nakaa hapa," akaniambia. Akakaa. Alikaa kwenye benchi letu siku tatu, anabambua njugu, na maganda yake yalijaa ndoo.

Jioni ile niliibandua ile karatasi ya USIGUSE. Nikaikunja nikaiweka mfukoni. Ninayo mpaka leo.

Sasa njooni kwenye aibu yangu.

Nilijua shida: programu inauliza mwenye peke yake, inatakiwa iulize na anayelaza. Rahisi. Jumatano asubuhi nikaongeza neno moja kwenye ile join, pale table zinapounganishwa. MWENYE ni sawa na aliyeleta, AU anayelaza ni sawa na aliyeleta.

Neno moja. OR. Nikajiona nimemshinda fundi. Nikamwambia Mama Benta aende akanunue chai, arudi achukue orodha.

Ile query ya zamani ilichukua dakika ishirini. Hii yangu, saa nzima baadaye, kihesabio cha mistari pale chini ya skrini kilikuwa kinasogea kama mtu mwenye goti bovu. Nikapiga hesabu kwenye bahasha. Itachukua saa kumi na moja nzima kumaliza.

Nikaiacha iende. Nilikuwa na digrii, nilijua kungoja.

Saa tisa mchana stima ikapotea. Wenzangu mliokuwa Migori miaka ile mnajua, ilikuwa na ratiba yake kama mgonjwa wa malaria. Mistari elfu kumi na moja na kitu, yote ikaenda. Skrini nyeusi, na uso wangu na tai ndani yake.

"Imemaliza?" Mama Benta akauliza.

"Imezimika."

"Na uliitwa mtaalamu wa nini?"

Alhamisi nilifungua ofisi saa moja asubuhi. Na nikafanya nini? Nikaanzisha query ile ile. Ndiyo, wakuu. Ile ile. Nilisema labda leo stima itakuwa na huruma. Huo ndio ulikuwa mpango wa mtu mwenye honours.

Saa nane mchana ikapotea.

Meneja alipita akaona skrini nyeusi, akaona na karatasi imebanduliwa. Akatabasamu.

"Si nilikuambia? Mashine ni ndogo. 486."

Sitasahau tabasamu lile. Kama kuna kitu kilinifanya niwe mbishi maisha yangu yote ni meno yale.

Ndipo Chacha akafika. Mama Benta alikuwa amemwitisha kuwa shahidi. Mtu mrefu, koti zito la mvua kwenye jua kali, fimbo mkononi. Meneja akamwambia ushahidi wa mdomo hautakiwi. Chacha akaja akakaa nasi kwenye benchi. Pale kila mtu aliongea Kiswahili, kwa sababu Kikuria cha Chacha na Kijaluo chetu havikujuana.

"Siku ya sindano nilileta hawa wawili mimi mwenyewe," akasema. "Yule mtu wa sindano alikuwa mpya. Ananiuliza mbele ya foleni yote: hawa ni wako ama umewekewa?"

"Ukamjibu nini?"

"Nikanyamaza. Kila mtu alinyamaza. Foleni ikasimama kabisa. Nani atasema mbele ya watu hawa ni wa nani? Ataambia wezi njia."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo mzee wa josho akamsukuma pembeni. Akauliza moja: analala kwa nani? Kwangu. Andika, dunga, pita. Foleni ikaenda mbio. Sisi wote tukamaliza kabla jua halijawa kali. Swali la pili, ni wa nani, wakaja kuniuliza nyumbani, siku nyingine, peke yangu. Hiyo pia ni haraka."

Akabambua njugu ya Mama Benta akaitia mdomoni.

"Maswali mawili kwa pamoja ni ya polisi," akasema. "Mtu akiulizwa hivyo anasimama."

Wakuu, nilisimama mimi. Birika likaanguka kutoka kwenye UPS.

Acheni nieleze polepole, kwa sababu hapa ndipo uzi ulipo.

Index ni nini? Ni orodha iliyopangwa tayari. Una daftari la majina yaliyopangwa kwa herufi, unamtafuta Chacha, unafungua C, umemaliza. Bila index unasoma daftari lote mstari kwa mstari.

Nikiuliza mashine swali moja, "aliyeleta ni sawa na mwenye", inatumia daftari lililopangwa kwa mwenye. Inaruka moja kwa moja.

Nikiuliza "aliyeleta ni sawa na anayelaza", kama nimepanga daftari la pili kwa anayelaza, inaruka pia.

Lakini nikiuliza "mwenye AU anayelaza" kwa pumzi moja, mashine ile haikujua ifungue daftari lipi. Ikayaacha yote mawili. Ikachukua kila ng'ombe wa rejista ikamlinganisha na kila mstari wa chanjo. Elfu kumi na nane mara elfu ishirini na kitu. Hiyo ni karibu milioni mia nne. 386 haina kosa. Hata wewe ungetambaa.

Foleni ya josho ilikuwa imesimama ndani ya mashine yangu siku mbili, na niliyeisimamisha ni mimi.

Dawa: uliza mara mbili. Query ya kwanza, mwenye. Query ya pili, anayelaza. Kila moja na index yake. Halafu unganisha majibu, na uondoe waliojirudia, maana ng'ombe anayelala kwa mwenyewe atatokea kote kuwili.

Stima ilirudi saa kumi na nusu. Nikaandika zile mbili, nikajenga index ya anayelaza, nikaanzisha.

Bado ikatambaa.

Nilitaka kulia. Mlinzi akaanza kupiga funguo, ofisi inafungwa saa kumi na moja. Mama Benta alifunga kiroba chake akaondoka na Chacha.

Somo hili la pili hakuna aliyenifundisha, ni aibu tu. Nikiwa kitandani nikakumbuka kwamba majina yaliandikwa na makarani tofauti. "Chacha", "CHACHA", "chacha" na nafasi mbili mbele. Ili yafanane, ndani ya join nilikuwa nimeiambia mashine ikate nafasi na igeuze herufi kuwa kubwa, kila mara inapolinganisha. Daftari limepangwa kwa majina machafu, na mimi natafuta jina safi. Index ikawa haina kazi tena.

Mtu husafisha mara moja, mwanzoni, anaweka safi pembeni. Hasafishi kila anapoangalia.

Ijumaa saa moja asubuhi nilikuwa mlangoni kabla ya mlinzi. Nikaongeza safu mpya kwenye table zote mbili, jina safi, nikasafisha yote mara moja. Nikajenga index upya juu ya hizo safi. Na kwa kuwa nilikuwa nimeanza kupata akili, nikachuja kwanza: mistari ya majosho ya upande wetu peke yake. Kwa nini nimbebe ng'ombe wa Mbita kumtafuta wa Suna?

Nikabonyeza.

Dakika tisa.

Sikuamini, nikairudia. Dakika tisa tena. Ile orodha ya waliokosa chanjo ikapungua karibu nusu. Fikirieni ni watu wangapi tulikuwa tumewafukuza kwenye dirisha letu la vibali.

Saa tatu nikaingia kwa meneja na karatasi ya ng'ombe wote, waliochanjwa na wa BADO, bado ina matundu ya printa pembeni.

"Nani alikupa ruhusa ya kugusa programu?"

"Hakuna."

"Nitakuandikia barua ya onyo."

"Andika, mzee. Lakini kwanza angalia hii, halafu uweke sahihi kibali. Lori linangoja."

Sijui nilitoa wapi sauti ile. Labda ni chai, nilikuwa sijanywa.

Akafanya kitu ambacho sikutarajia. Ili kunikomesha, akafungua kabati akatoa vile vitabu vya mkono alivyokataa Jumanne. Akachagua majina yeye mwenyewe, kumi, huku na huku. Akatafuta la kwanza. Lipo. La pili. Lipo. La saba akatoa miwani akaifuta. La kumi akafunga kitabu.

Hakusema nimefanya vizuri. Alisema, "Ng'ombe wanne."

"Wangapi?"

"Orodha yako inasema wanne wamechanjwa. Mmoja bado."

Nilikuwa nimeangalia dakika tisa, sikuangalia jibu. Wawili wa Chacha, sawa. Wa Zablon, wawili sawa. Wa tatu, wa madoadoa meusi, ameandikwa BADO. Meneja akaangalia na kitabu. Hayumo.

Akaweka sahihi kibali cha wanne, akanisukumia.

Lori lilikuwa nyuma ya soko. Ng'ombe watano wamefungwa kando, Mama Benta amevaa viatu vya kufunika, Okoth na shati jeupe. Nikampa kibali na ile karatasi yenye matundu. Akahesabu kwa kidole.

"Mashine yako imerudia tena."

"Mama, safari hii haijakosea. Muulize shemeji."

Zablon alikuwa anakaza kamba ambayo ilikuwa imeshakazwa.

"Zablon," Mama Benta akasema, polepole sana. "Huyu wa madoadoa alidungwa?"

"Alikuwa na mimba, min Okoth," akamjibu, akimwita mama Okoth kwa Kijaluo. "Watu walisema sindano inatoa mimba. Nilimficha kwa mto."

Sitaandika alichoambiwa. Kilikuwa kwa Kijaluo, na kilimhusu yeye, baba yake, na mto.

Kisha akanigeukia mimi. Akanishika mkono, akanivuta kando ya gurudumu.

"Nyathina, mwanangu, kalamu unayo. Andika huyo mmoja. Nani ataona? Mkubwa wako ashaweka sahihi."

Wakuu, nimekuwa mbishi maisha yangu yote, lakini ubishi mgumu kuliko ule sijaufanya. Kumkatalia bosi ni raha. Kumkatalia mama aliyekaa kwenye benchi lako siku tatu, na mwenye duka wa Rangwe na mikate yake anangoja, hiyo si raha.

"Siandiki," nikasema. "Nikiandika huyo mmoja, wale wanne pia watakuwa uongo. Nimepigana na mkubwa wangu ili aiamini hii karatasi."

"Nitaenda Kosele na wanne? Niseme nini?"

"Peleka karatasi."

Akaniambia maneno ambayo nilistahili. Kisha akapanda mbele, kando ya dereva, na wanne nyuma. Wa madoadoa akabaki na Zablon, wote wawili wameinamisha vichwa.

Nilirudi ofisini. Barua ya onyo ilikuwa juu ya kibodi, imechapwa na taipureta, nakala mbili.

Kilichotokea Kosele alinisimulia mwenyewe Jumatatu.

Walifika jua likiwa bado liko juu ya miti. Wazee wakahesabu, wakahesabu tena. Mjomba mmoja akaanza kusema habari ya watu wa Migori. Mama Benta akatoa karatasi yangu yenye matundu akampa baba ya msichana, mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa. Akavaa miwani. Akasoma kila mstari: rangi, josho, tarehe. Akafika kwa wa madoadoa: BADO.

"Hii bado imeandikwa na nani?"

"Na karani mmoja mkaidi," Mama Benta akamjibu. "Nilimwambia aifute, akakataa."

Mzee akacheka. Akasema amekula mahari za binti watatu, na hii ndiyo mara ya kwanza kuletewa kasoro kwa maandishi, bila kuitafuta mwenyewe baadaye. Akakunja karatasi akaiweka ndani ya Biblia. Lango likafungwa, jiko likazimwa, na msichana alikuwa wa Okoth.

Wa madoadoa alidungwa raundi iliyofuata, akazaa salama, akaenda Kosele na ndama wake. Mwenye duka wa Rangwe alioa mahali pengine, na nasikia mikate yake ilikuwa mizuri.

Mama Benta hakuniomba msamaha. Aliniachia debe la njugu mlangoni, hazijabambuliwa.

Na 486? Ilikuja, miezi sita baadaye, na fundi wake. Alipoona orodha zetu zina ng'ombe wa kuwekwa akasema ni wazo zuri, ataliingiza. Akaingiza neno moja. Mnajua neno gani.

Kwenye mashine mpya, nzuri, ya bei ya nyumba, ilikuwa inachukua saa nne nzima. Aliianzisha baada ya chakula cha mchana, stima ikapotea saa tisa kama kawaida.

Meneja akaja kwenye meza yangu akauliza kama ile programu yangu bado ipo. Nikamwambia ipo. Nikaomba barua ya onyo ifutwe kwa maandishi. Hakuifuta. Programu nikaiweka hata hivyo, kwa ajili ya foleni, si kwa ajili yake. Barua ninayo, na ile karatasi ya USIGUSE ninayo, nimezitia fremu moja. Mke wangu amekataa zitundikwe sebuleni, ziko bafuni.

Kwa hiyo kijana wa jana, somo ni hili, na silipunguzi.

Kama join yako inatambaa, usikimbilie dukani. Angalia kama umeuliza maswali mawili kwa pumzi moja. Yatenganishe, kila moja lipate index yake, halafu uunganishe majibu. Safisha majina mara moja, kabla ya kuanza. Chuja kwanza, uache ng'ombe wa Mbita Mbita. Na ikishakuwa haraka, usifurahie dakika tisa ukasahau kusoma jibu, kama mimi.

Najua wapo watakaosema database za siku hizi zinajua kutenganisha OR zenyewe. Nyingine zinajua. Nyingine zinasema zinajua. Angalia mpango wa query, njia ambayo database itafuata, kwa macho yako.

Uwanja ni wenu. Mwenye table iliyomtoa jasho alete kisa chake, na mwenye kunipinga anipinge, nipo, nimestaafu, nina njugu.

Nyinyi wa RAM pia karibuni. Ila mkifika, mtapanga foleni, na nitawauliza moja moja.